Mashine ya Mazoezi ya Baba na Mambo Mliyonificha

Chumba Namba 9,
Ghorofa ya Tatu.
Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale wapwa zangu wawili ambao kila nikiwaona kwenye picha wamerefuka tena. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kunyanyua wagonjwa kumekuumiza kiuno. Wewe ni muuguzi lakini kujiuguza hujui, kwa hiyo nakuomba usijifanye chuma. Na kikohozi cha shemeji kimeisha, au bado anakitibu kwa ubishi?

Mimi sijambo. Vidole vyote kumi bado ninavyo, na kwa fundi wa lifti hiyo ni habari ya kushukuru. Juzi nilitoa watu sita kwenye lifti iliyokwama katikati ya ghorofa ya nne na ya tano. Mmoja alipotoka, badala ya kusema asante, aliniuliza kama si mimi niliyeikwamisha ili nipate kazi.

Baba naye hajambo. Hajambo kweli, nimemwona kwa macho yangu na si kwa kusikia. Nasema hivyo kwa sababu kuhusu Baba nina mengi ya kukueleza, na mengine nadhani unayajua kunishinda. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye simu una tabia ya kusema mtandao unakatika kila swali linapokuwa gumu.

Nianze na mashine. Mwezi wa nne uliniambia daktari ametaka moyo wa Baba ufanyishwe kazi kila siku, na kwamba magoti yaliyosimama miaka arobaini mbele ya mtambo wa kupigia chapa hayawezi tena kukimbia. Ukaniagiza nitafute ile mashine ya kukanyaga vibao viwili huku umeshika vyuma viwili, mtu anatembea bila kwenda popote na nyayo hazigongi chini. Wauzaji wanaiita eliptikali. Ulisema nichague mimi kwa kuwa najua vyuma. Nikavimba kichwa kidogo, sikufichi.

Duka la kwanza nilikutana na kijana mmoja ambaye shati lake lilikuwa bado na mikunjo ya kwenye boksi. Aliniita bosi kabla hajanisalimia, nikajua hapa kuna jambo. Nikamuuliza gurudumu la ndani lina uzito gani, kwa maana likiwa jepesi mashine inakwenda kwa kurukaruka na magoti ya Baba ndiyo yatakayolipia. Akasema, "Uzito wa kutosha, bosi." Nikauliza urefu wa hatua. "Hatua ya kawaida." Dada, mtu akiniambia lifti inabeba watu wa kutosha, mimi napanda ngazi. Nikatoa futi yangu, nikapima toka kibao kinapoanzia mpaka kinapofikia. Sentimita thelathini na tatu! Hiyo ni hatua ya mtu anayepita kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Kisha nikaweka sikio kwenye ubavu wa mashine huku yeye akikanyaga. Ng'a, ng'a, ng'a. Akaniambia itazoea. Chuma hakizoei, Dada. Chuma kinalika.

Duka la pili nilimkuta mama mmoja mtaratibu, akaanza kunieleza ubaya wa mashine zake moja baada ya nyingine. Hii inakazwa kwa mkanda ili kukanyaga kuwe kuzito, mkanda unachakaa. Ile inakazwa kwa sumaku, haigusani na kitu, haina kelele, lakini ni nzito kuhamisha. Hapo ndipo machale yaliponicheza zaidi. Muuzaji anayeponda mali yake mwenyewe anakusukuma polepole kwenda kwenye ile aliyoificha nyuma. Nikaondoka bila kununua, nikamwacha amesimama na kitambaa chake cha kufutia vumbi.

Lakini hao wauzaji walikuwa cha mtoto. Aliyenitia shaka hasa ni Baba.

Unamjua Baba. Mwanzoni, nilipomtajia mashine, alisema yeye si mwehu wa kutembea akiwa amesimama pale pale. Baada ya wiki mbili akaniita, akanipa karatasi aliyoiandika kwa ule mwandiko wake ulionyooka kama umepigwa chapa. Mashine iwe na hatua ya sentimita hamsini. Vibao viwe karibu karibu, visimpanue nyonga. Pa kupandia pawe chini. Mishikio iwe na kipima mapigo ya moyo. Ikazwe kwa sumaku. Na mstari wa mwisho, ameupigia mistari miwili chini yake: ibebe kilo mia na thelathini.

Baba ana kilo sitini na tatu, akiwa amelowa na viatu miguuni.

Nikamuuliza hizo kilo nyingine sitini na saba ni za nani. Akasema, "Kitu imara ni imara." Halafu akaanza kunieleza habari za hali ya hewa.

Nikaenda kwa Baba kupima dari la sebule, kwa sababu mtu akiwa juu ya ile mashine anaongezeka kimo kama sentimita thelathini, na Baba ni mrefu. Dari lilikuwa sawa. Mengine ndiyo hayakuwa sawa. Kwenye kichanja cha vyombo kulikuwa na vikombe viwili vimekaushwa. Baba amenyoa ndevu, tena siku ya kazi. Na kwenye mgongo wa kiti kulikuwa na kitambaa cha kichwa, cha maua ya zambarau. Nikakinyanyua kwa ncha ya futi.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha fundi bomba," akasema Baba.

Kazini kwetu nafanya kazi na mafundi bomba mwaka wa kumi na mbili huu. Sijawahi kuona hata mmoja mwenye maua ya zambarau. Kisha akaniomba siku nyingine nikitaka kuja nipige simu kwanza. Nipige simu! Nyumba nilimozaliwa! Funguo ninazo mfukoni!

Nilipokuwa natoka nikasimama getini kwa mlinzi. Yule mzee ana desturi ya kusema yeye si mtu wa maneno, halafu anakumwagia yote. Akaniambia Mama Sindano, yule mshonaji anayekaa chini ya Baba, hupanda juu kila siku saa nne asubuhi na hushuka saa tano. Tangu mwezi wa tatu. "Lakini mimi si mtu wa maneno," akasema.

Sijui kama unamjua Mama Sindano, alihamia baada ya wewe kuondoka. Ni mjane, sauti yake inasikika mpaka barabarani, na ana mwili wake, mashallah, mwili wa kujaza mlango. Nikazipata kilo zangu. Mashine hii tunayohangaika nayo, wewe kule na mimi huku, kumbe ni ya Mama Sindano!

Basi nikaona nimfuate huko huko. Nilijifanya jirani mwema, nikagonga mlango wake kumwambia kwamba Baba ataletewa mashine na huenda akasikia mtetemo kwenye dari lake, kama utamsumbua aseme. Alinikaribisha vizuri, akaondoa marobota ya vitambaa kwenye kiti nikakaa. Akasema mtetemo haumpi shida. Akaongeza, "Mimi kila kinachotokea juu nakisikia." Nikaona anajivunia.

Ndipo nikaona karatasi chini ya mkasi wake. Juu imeandikwa Mzee wa Juu, na chini yake safu ya namba. 84. 92. 88. 90. 86. Unajua mshonaji anaandika nini kwenye karatasi: kifua, kiuno, bega. Nikasema moyoni, huyu mwanamke anamshonea Baba suti. Na mzee wa miaka sabini na moja aliyenyoa ndevu siku ya kazi anashonewa suti ya nini kama si ya harusi? Niliaga haraka kabla sijasema neno la kunifukuzisha. Kwenye ngazi nikawa nahesabu vyumba vya nyumba ya Mama, nikifikiria nani atalala wapi.

Siku tatu sikula vizuri. Siku ya nne nikaomba ruhusa kazini, nikasema nina msiba mdogo. Saa nne na robo nilikuwa mlangoni kwa Baba na funguo mkononi. Sikupiga simu.

Nikaweka sikio kwenye mlango, kama ninavyofanya na lifti. Nikasikia sauti ya Mama Sindano ikihesabu. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Usibane pumzi. Kumi na tatu." Na nyuma yake nikasikia pumzi za Baba, nzito, anahema kama anayesukuma gari.

Nikafungua mlango kwa kishindo.

Dada, Baba alikuwa amevaa kaptura na fulana, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, ameinua goti moja hewani. Mama Sindano alikuwa amekaa pembeni yake na saa ya ukutani mapajani, ameishusha ukutani kabisa ili aione vizuri. Kalamu sikioni. Hakuna aliyeshtuka ila mimi.

"Funga mlango," akasema Baba, "upepo unaingia." Akashusha goti, akainua la pili.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana yake, yote yakapotea. Nikauliza hapa kuna nini.

"Mazoezi," akasema Mama Sindano. "Bado saba."

Wakamaliza zile saba mbele yangu. Kisha akamshika Baba kifundo cha mkono, akatazama saa, akaandika kwenye karatasi. Themanini na tisa. Hapo ndipo nikazielewa namba zangu. Ile suti, Dada, ilikuwa mapigo ya moyo.

Baba alikaa, akafuta jasho, akanieleza. Mwezi wa tatu alianguka bafuni. Hakuweza kuinuka. Alivua kandambili, akapiga nayo sakafu mpaka mkono ukafa ganzi, na Mama Sindano akaisikia kwenye dari lake, akadhani panya, akadhani bomba, halafu akapanda na mlinzi wakafungua mlango. Jumapili iliyofuata mimi nilikuja, nikakaa na Baba saa tatu nzima, naye amevaa mikono mirefu katika joto lile, nikamtania kwamba amezeeka anasikia baridi.

"Ningekuja saa hiyo hiyo," nikasema. "Mbona hamkuniita?"

"Tuliita namba ya kwanza kwenye simu yake," akasema Mama Sindano. "Dada yako ndiye alituelekeza namna ya kumwinua, na akasema tumpe..." Akanyamaza, akamtazama Baba. Baba akatazama dirisha.

Ndiyo, Dada. Alinyamaza, lakini alikuwa amechelewa. Nikaichomoa ile karatasi ya masharti kwenye pochi yangu, nikaisoma tena. Visimpanue nyonga. Pa kupandia pawe chini. Nikajiuliza mpiga chapa alijifunza wapi mambo ya nyonga. Mwandiko ni wa Baba, maneno ni yako. Ulimsomea kwa simu, wewe uliyekwisha kuniambia mimi, "Chagua wewe, unajua vyuma."

Nilikasirika. Nikasema mmeniweka kando kama mgeni, mimi ndiye ninayekaa dakika ishirini toka hapa, nyote mnajua ila mimi. Nikamgeukia Mama Sindano, nikamuuliza mbele ya Baba yeye anapata nini. Nikamwambia nijue tu, hizo kilo mia na thelathini ni za nani.

"Zangu," akasema. Hakuona haya hata kidogo. "Na mimi daktari amenionya, presha. Tulikubaliana na mzee: dakika kumi yeye, dakika kumi mimi, mmoja anamhesabia mwenzake. Nikamwambia basi isije ikavunjika na mimi juu yake nikaaibika."

Kisha akakusanya kalamu yake na kitambaa chake cha zambarau, akarudisha saa ukutani, akaenda zake kushona. Hakuubamiza mlango. Ningefurahi kama angeubamiza.

Tulibaki wawili. Nikamuuliza Baba tena kwa nini, nikitegemea atazungumzia mvua. Akajibu moja kwa moja.

"Nilijua utamfukuza. Kama ulivyomfukuza yule aliyekuwa akimuuguza mama yako."

Dada, hili hatujawahi kulizungumza, wewe na mimi. Ulikuwa umeshasafiri. Unajua tu kwamba yule mama mhudumu aliondoka wiki tatu kabla Mama hajafariki. Acha nikueleze nilichokifanya. Bangili ya Mama ilipotea. Nikasema ni yeye, nani mwingine. Nikamwambia afungue mkoba wake, nikaumwaga juu ya kitanda, kwenye miguu ya Mama, Mama anatazama. Kulikuwa na kanga, kitana, na mkate uliofungwa kwenye karatasi. Bangili haikuwemo. Nikasema basi ameshaipitisha. Akavikusanya vitu vyake akaondoka. Miezi miwili baada ya mazishi bangili ikaonekana ndani ya bitana ya koti langu. Mfuko ulikuwa na tundu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitia humo siku tuliyompeleka Mama hospitali kupigwa picha, waliposema avue vyuma. Baba alikuwepo koti lilipochanwa. Hakusema kitu, nami nikashukuru kwamba hakusema kitu, na miaka minne ikapita hivyo.

Safari hii alisema. "Mama yako alimuulizia yule mama mpaka siku ya mwisho. Nilikuwa namwambia amekwenda kusalimia kwao, atarudi."

Nikaosha vikombe.

Kesho yake nikashuka kwa Mama Sindano. Niliomba radhi, tena kwa ufupi, kwa sababu nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kujichanganya. Alikuwa anapindia suruali. Akasema, "Mimi sina kinyongo. Ila mashine tunakwenda kuchagua sote watatu. Wewe ukienda peke yako utapima mpaka uzeeke."

Tukaenda Jumamosi. Nikawapeleka duka la pili, kwa yule mama mtaratibu, na ikabidi nikubali kwamba kila alichoniambia siku ile kilikuwa kweli. Nilijaribu kumkamata. Nilipima hatua, sentimita hamsini kamili. Niliuliza uzito wa gurudumu la ndani, akanitajia kilo tisa na kunionyesha lilipoandikwa. Nikalala chini sakafuni kutazama bawaba, watu wakapita juu yangu. Baba akapanda kwanza, pa kupandia pako chini, hakuhitaji kuvutwa. Akakanyaga taratibu, akashika mishikio, namba za mapigo zikaonekana mbele yake naye akazisoma kwa sauti, kama anasoma kasoro kwenye ukurasa uliotoka mtamboni.

Kisha Mama Sindano akavua viatu, akanipa mkoba wake nimshikie. Duka zima likageuka. Akapanda, akakanyaga kwa nguvu, akaniambia, "Sikiliza hiyo. Weka hilo sikio lako." Nikaweka. Hakukuwa na ng'a wala ng'i. Vijana wawili waliokuwa wanatazama vyuma vya kunyanyua wakacheka, naye akawauliza kama wanataka kumhesabia. Wakamhesabia kweli, mpaka mia moja.

Tumenunua hiyo. Ipo sebuleni, juu ya zulia la mpira, miguu yake minne nimeisawazisha mwenyewe kwa pima maji. Siku ya kwanza Baba alikwenda dakika nne, ya pili nne, jana saba. Mapigo hayajazidi mia na tano, nawe unajua kama hiyo ni sawa, kwa hiyo niambie mimi, usimwambie tu mshonaji. Kuhusu dhamana ya miaka miwili waliyotupa, nimeisoma mara tatu. Kuna kifungu cha sita kinachosema dhamana inakufa mashine ikitumiwa "kinyume na kawaida", na kawaida hawakuieleza. Nimempigia yule mama wa duka simu. Amesema atanitumia maelezo. Tutaona.

Sasa la mwisho, halafu nikuache ukapumzike.

Baba alikuwa na namba ya yule mama mhudumu. Miaka yote alikuwa nayo. Alinipa Jumatano, imeandikwa kwenye kipande cha bahasha. Nikapiga, binti yake akapokea, akanielekeza mahali. Anafanya kazi kwa dobi, ndani ndani, nyuma ya duka la vioo. Nikaenda alasiri, baada ya kazi, na nguo zangu za grisi.

Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Alikuwa anapiga pasi shati, na hakuacha. Nikamwambia bangili ilipatikana. Nikamwambia ilipatikana wapi, kwenye koti la nani, na lini. Nikamwambia nilipaswa kuja siku ile ile na sikuja kwa sababu ya aibu, na baadaye kwa sababu ya kuzoea.

Akamaliza mkono wa shati, akalitundika. Akasema, "Tangu siku ile, kila mahali nilipofanya kazi, nikitoka jioni nafungua mkoba mwenyewe kabla hawajaniambia. Hapa wananicheka. Wananiuliza, mama, nani amekuomba?"

Nilitaka kusema samahani, nikaona neno lenyewe dogo. Nikalisema hivyo hivyo.

Akauliza Mama alikwenda vipi. Nikamweleza kwamba alimuulizia mpaka mwisho. Hapo akazima pasi, akaja akakaa kwenye benchi la wateja. Akataka nimsimulie zile wiki tatu, toka siku aliyotoka yeye. Nikamsimulia. Mteja akaingia, akamwambia asubiri. Mwingine akaingia, naye akasubiri. Alitaka kujua nani alikuwa akimgeuza kitandani, na kama walikumbuka kumwekea mto chini ya goti la kushoto. Hatukukumbuka, Dada. Hatukujua hata kwamba unawekwa.

Nilisubiri mpaka akamaliza kazi tukatoka pamoja. Mlangoni akachukua mkoba wake kwenye msumari. Mwenye duka alikuwa kwenye meza yake anaandika, hakuinua uso. Mkono wa yule mama ukaenda kwenye zipu, ukasimama hapo. Akanitazama. Kisha akautia mkoba begani ukiwa umefungwa, akamwambia mwenye duka kesho inshallah, akapita.

Basi ndiyo hayo. Sikuandikii ili tugombane. Nakuomba kitu kimoja tu: Baba akianguka tena, Mungu apishe mbali, nipigie mimi, hata kama unaogopa nitakavyokuwa. Nitakuja kwanza, maswali nitayauliza tukishamwinua.

Nisalimie sana shemeji, mwambie akanywe dawa. Wapwa zangu wabusu, waambie Mjomba anawauliza kama ni kweli wanapiga mswaki au wanalowesha tu. Baba anakusalimu, anasema hatua ya sentimita hamsini uliyomwagiza imemfaa. Mama Sindano naye anakusalimu, na usijifanye humjui.

Mungu awalinde huko mliko, awape afya na usingizi mzuri, na siku moja atukutanishe tena sebuleni kwa Baba, tupishane kwenye mashine.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye hata anapokutilia shaka,

Fundi Lifti